Taa Iliyokataa Kuzimika Njia ya Aveba

Placide Kisembo hakuwahi kushindwa na swali. Ukimwuliza kwa nini mvua imechelewa, alikuwa na jibu. Ukimwuliza kwa nini mke wa jirani amerudi kwao, alikuwa na majibu mawili. Na ukithubutu kumwuliza habari za magari, basi ulikuwa umejitafutia mwenyewe, maana angekushika mkono na kukueleza mpaka chai yako ipoe. Kanisani aliitwa Placide, ofisini aliitwa sitwayen Kisembo, yaani raia Kisembo, kwa kuwa miaka ile serikali ilikuwa imeyaweka majina ya ubatizo kabatini, na pande zote mbili watu walimfahamu kwa ule mdomo.

Alikuwa mtu wa Bunia tangu utoto. Alianza kwa kuosha magari ya wafanyabiashara, akapanda cheo akawa wa kupakia mizigo, kisha siku moja dereva mmoja alishikwa na homa njiani na Placide akalirudisha gari mjini kwa gia mbili tu, ya kwanza na ya pili, akitokwa jasho. Tangu hapo hakushuka tena kwenye usukani. Kufikia mwaka wa themanini na moja alikuwa akiendesha gari dogo la mizigo, au kamioneti, la Hubert, mnunuzi wa maharagwe, kati ya Bunia na Aveba. Nyuma ya gari alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe WIVU NI WA NINI, kana kwamba kuna mtu aliyelionea wivu gari ambalo mlango wake ulifungwa kwa waya.

Ndani, mbele ya usukani, taa ndogo za kumwonya dereva zilikuwa karibu zote zimekufa. Taa ya mafuta ilikufa, ya bateri ilikufa, na sindano ya petroli ilikuwa imelala palepale tangu gari lilipoletwa. Iliyobaki hai ni moja, nyekundu, ya breki. Ukivuta breki ya mkono, inawaka. Ukiirudisha, inazimika. Placide aliipenda kwa sababu ndiyo iliyomfanya ajisikie yumo ndani ya gari na si ndani ya kopo.

Sasa, huyu Placide alikuwa ametaka kuoa. Msichana aliitwa Immaculée, fundi wa kushona aliyejifunza kwa masista, mtu wa maneno machache, na Mungu ajua mmoja wao ilibidi awe hivyo. Wajomba wa msichana walikuwa wamekubali. Mazungumzo ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha, na bila kugombana. Alibaki mtu mmoja tu, Mama Brigitte, mama wa msichana, mjane wa huko Aveba, na kwao binti hatoki nyumbani mpaka mama mzazi aseme neno lake.

Mama Brigitte hakulisema. Kila wajumbe walipokwenda alijibu kwamba hataki shoferi. Walipomwuliza ubaya wa Placide ni upi, alisema hamjui Placide na hana ubaya naye, ila hataki shoferi. Mwishoni, labda kwa kuchoshwa na wageni wa kupikiwa, alituma habari Bunia: huyo kijana aje amchukue kwa gari hilohilo analoendesha, ampeleke mjini akaone nyumba ambayo binti yake atakaa, na wakifika tu atatoa jibu lake mbele ya wajomba. Likiwa hapana, ni hapana, na mtu asirudi tena kugonga mlangoni kwake.

Placide hakulala vizuri wiki ile. Aliazima abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai, kwa rafiki yake Paluku, muuza vitunguu, ikambana mabegani. Aliosha gari mpaka chini. Kisha akakumbuka jambo ambalo angepaswa kulikumbuka mapema.

Kwao, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hasemi naye, haketi naye kiti kimoja. Wakikutana njiani, mkwe anaingia kwenye majani mpaka mama apite. Na kamioneti ilikuwa na kiti kimoja mbele, kirefu, cha watu wawili na nusu. Kumweka mama mkwe nyuma pamoja na mbuzi ni tusi ambalo halifutiki. Kumweka mbele ubavuni mwako ni aibu ambayo haisemeki. Ungefanyaje wewe?

Placide, bila shaka, alikuwa na jibu. Alichukua kitenge kipya na kutengeneza pazia, au rido kama wanavyosema Bunia, la kugawa ile kabini katikati. Yeye na Paluku walipofika Aveba asubuhi, akaegesha gari mteremkoni, akavuta breki ya mkono, akaanza kazi. Ncha za juu alizitundika kwenye dari kwa misumari. Ncha moja ya chini aliifunga kwenye kiti. Ikabaki ncha ya mbele, na chini ya dashibodi, katikati kabisa, kulikuwa na kitu kinachofaa: ile fimbo ya chuma ya breki ya mkono, yenye kishikio mwishoni, iliyokuwa imetokeza nje kwa kuwa breki ilikuwa imevutwa. Akaifunga hapo, fundo juu ya fundo, nyuma ya kishikio. Akarudi hatua chache, akatazama kazi yake, akaridhika sana.

Paluku alikuwa amekuja kama msemaji, maana mkwe lazima awe na mdomo wa kuazima. Ndiye aliyempokea Mama Brigitte, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwavuli, kikapu cha maharagwe, na kuku aliyefungwa miguu. Placide alijificha nyuma ya gari mpaka mama aketi na kupanga vitu vyake. Abiria wengine walipanda nyuma pamoja na mihogo na ndizi, Paluku akapanda nao, na Placide akaingia upande wake akiwa amegeuza shingo dirishani.

Alipaswa kurudisha breki ya mkono. Kishikio sasa kilikuwa upande wa pili wa rido, karibu na magoti ya mama mkwe. Akaangalia nje kama mtu anayepigwa sindano, akapitisha mkono chini ya kitenge, akazungusha, akasukuma, akautoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria. Fimbo ilirudi ndani, lakini si yote. Lile fundo zuri lilibanwa kati ya kishikio na dashibodi, na fimbo ikabaki nje kwa upana wa kidole.

Taa nyekundu haikuzimika.

Wewe unayesoma umekwisha kuona kosa liko wapi, na unamcheka. Placide hakuliona. Mahali pale palikuwa pamekwisha kutoka ndani ya gari lake. Palikuwa chumbani kwa mama mkwe, na mtu mwenye adabu hachungulii huko hata kwa mawazo.

Aliendesha kidogo, akaigonga taa kwa kidole. Ikawaka vilevile. Akakanyaga breki: gari lilisimama vizuri. Akaondoka tena. Taa ilimtazama. Kabla ya kijiji cha Gety akasimama kando ya njia, akashuka, akafungua boneti, akachungulia chupa ya mafuta ya breki. Ilikuwa imejaa. Akavuta waya moja, akavuta nyingine, akafuta vumbi mahali ambapo vumbi halikuwa na kosa lolote.

Paluku akashuka nyuma. "Iko nini?"

"Taa ya freni inakatala kuzima."

Kutoka ndani ya kabini, nyuma ya kitenge, ikasikika sauti ya Mama Brigitte, ikielekezwa dirishani kwa Paluku. "Baba, uniulizie yule mutu. Ile taa inasema nini?"

Placide alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale na alisikia kila neno, lakini adabu ni adabu. Paluku akazunguka boneti, akamweleza swali zima upya. Placide akatoa jibu lake la kila siku, ambalo madereva wote wa Ituri wanalo mdomoni kama mate. "Umwambie mama, haina neno."

Paluku akazunguka tena, akalifikisha. Kisha Mama Brigitte akasema polepole, "Haina neno. Njo vile walimwambia bwana yangu." Na akamweleza Paluku, bila kupandisha sauti, kwamba marehemu mume wake alikuwa kwenye lori la samaki likiteremka kwenda Kasenyi. Chini ya lori kulikuwa na kelele ya chuma. Mume wake alimwuliza dereva kelele ile ni ya nini, na dereva akamjibu haina neno, muzee. "Batu wenye walipona ndiyo waliniletea ile neno," alisema. "Yeye hawakunileteya. Tulimukuta kule chini."

Placide alisimama akiwa na kitambaa mkononi. Immaculée alikuwa amemwambia kwamba baba yake alifia njiani, lakini hilo la dereva hakuwahi kulisema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alifunga boneti taratibu, akaingia garini, akaendesha kama aliyebeba mayai. Hata nyimbo zake za kawaida hakuimba, na abiria wa nyuma walidhani ameugua.

Bogoro kulikuwa na fundi, Théodore, ambaye Placide alikua naye mtaa mmoja na ukoo wao mmoja. Placide alisimamisha gari mbele ya banda lake, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akamwita pembeni.

Théodore aliuliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza kwanza. "Freni ya mukono umerudisha?"

"Nimerudisha."

"Uko na hakika?"

"Théodore, ni mimi unauliza?"

Fundi alimjua rafiki yake, kwa hiyo hakuamini. Akazunguka upande wa pili ili achungulie mwenyewe. Pale dirishani akakuta uso wa mama mmoja mzee, kikapu magotini, kuku juu ya kikapu, na kitenge kimefunika kila kitu chini. Akauliza kwa macho, Paluku akamnong'oneza ni nani. Théodore aliruka nyuma kama aliyekanyaga siafu. "Mama mukwe yake ni mama mukwe yangu pia!" alisema. "Mimi siingize kichwa kule!" Na akaenda kuosha mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Kwa hiyo wanaume wawili wenye akili zao, wenye spana na tochi, walichunguza gari lote isipokuwa kile kidole kimoja cha chuma. Walikagua fyuzi. Walifuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Théodore alipima upepo wa magurudumu, kwa sababu lazima fundi apime kitu. Kisha akaweka kiganja kwenye gurudumu la nyuma, chini kwenye ngoma ya breki, akakunja uso. "Huku kuko moto kidogo."

Placide akagusa. Kweli, palikuwa na moto, si mwingi, ila zaidi ya inavyopaswa. "Ju ya nini?" aliuliza Théodore.

Placide akavua kiatu kimoja, sijui kwa nini, akakivaa tena. Kisha akalala chali na abakosti ya Paluku, akaingia chini ya gari. Paluku alifumba macho kwa uchungu.

Nyuma ya gari abiria walikuwa wamechoka. Viviane, muuza ndizi, mwanamke ambaye sauti yake ilifika sokoni kabla ya mzigo wake, alisimama juu ya magunia. "Ndizi yangu inaiva hapa! Taa ni taa. Taa haipandishe mulima! Toeni ile taa tuende!"

Théodore alichuchumaa karibu na miguu ya rafiki yake. "Anasema kweli," alinong'ona. "Natoa ampule ya ile taa, dakika moja tu. Freni inashika, weye mwenyewe umeona. Mama hataona kitu. Mutafika Bunia, atasema ndiyo yake, kesho unaniletea motokari tunaifungua yote."

Placide alitazama juu, kwenye matope ya chini ya gari. Alikuwa amewahi kutoa taa za namna hii si mara moja. Zile nyingine zilizokufa dashibodini, tuseme ukweli, hazikufa zote kifo cha Mungu. Aliwaza juu ya Immaculée aliyeketi kwa shangazi yake huko Bunia akishona bila kuona anachoshona. Akifika leo, mambo yamekwisha. Asipofika, mama atasema gari lake ni bovu na yeye ni wa kubabaisha, na atakuwa na haki ya kusema. Aliogopa. Alimtaka yule msichana kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na aliogopa.

"Paluku," aliita kutoka chini. "Umwambie mama..."

"Nimwambie nini?"

"Umwambie sijui."

"Unasema?" aliuliza Paluku.

"Sijui ile taa inasema nini. Nimetafuta, sioni. Gurudumu iko na moto, sijui ju ya nini. Sitapandisha batu kwenye milima na kitu sijui. Siye tutalala hapa. Kama iko motokari ingine inapita, mama apande ile. Nitabaki na hii yangu."

Viviane alicheka mpaka akashika kiuno. "Batu ya Bunia, mukuye musikie! Placide hajui!" Wengine wakacheka naye, na mtu mmoja akauliza kama jua limechomoza upande wake wa kawaida asubuhi ile. Paluku hakucheka. Alianza kuzunguka boneti kupeleka ujumbe, lakini hakuhitajika tena.

Ndani ya kabini kitenge kilianza kutikisika. Mama Brigitte alikuwa ameweka kuku pembeni. Alinyoosha mikono, akazitoa ncha za juu kwenye misumari, akafungua ile ya kitini. Halafu akainama kwenye ncha ya mwisho. Kitenge kilikuwa kipya na hakuwa mtu wa kuchana kitu kizuri, kwa hiyo alilifungua fundo kwa subira, akalilegeza, akalitoa.

Fimbo ikajirudi yenyewe ndani. Tak.

Mama hakujali. Alikunja kitenge, akakiweka kwenye kiti, akashuka na mwavuli wake, akazunguka gari mpaka upande ambao miguu ya mkwe wake ilikuwa imetokeza. Wanaume waligeuza nyuso. Placide aliona viatu vya plastiki vya buluu karibu na goti lake, akatambua ni vya nani, akajivuta ndani zaidi.

"Placide," alisema Mama Brigitte.

Hakuna aliyewahi kusikia mama mkwe akimwita mkwe wake jina, njiani, mchana, mbele ya watu wa ndizi.

"Weye unanisikia. Mimi sikukatala sura yako, sura yako siijui. Nilikatala ile neno. Kila shoferi mwenye nilishaka panda naye aliniambia haina neno. Hata wenye wako na matairi iko inatoka. Leo niko muzee, njo mara ya kwanza nasikia shoferi anasema hajui." Akauchomeka mwavuli kwenye vumbi. "Kama ule mwingine angesema hivi, batoto yangu wangekuwa na baba."

"Imezima!" Théodore alipiga kelele kutoka kabini. "Taa imezima!" Alikuwa ameingiza kichwa kwenye kiti kitupu, sasa kwa kuwa hakikuwa na mama mkwe, na ameiona ile fimbo imerudi mpaka ndani. Alitazama kitenge kilichokunjwa, mikunjo ya fundo ingalipo kwenye ncha yake. Akavuta breki ya mkono, taa ikawaka. Akairudisha, ikazimika. Kisha akaketi chini kwenye vumbi la Bogoro, akacheka bila sauti, machozi yakimtoka, akishindwa hata kueleza. Ilibidi Paluku aende kutazama mwenyewe, na aliporudi akaeleza kwa niaba yake, akieleza vizuri zaidi kuliko ilivyohitajika.

Chini ya gari, Placide alisikiliza maelezo yote. Fundo lake mwenyewe. Alifikiri kwamba labda angeweza kubaki pale mpaka watu wote waende zao.

"Toka huko," alisema Mama Brigitte.

"Mama, siwezi. Nitakuona."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mama mkwe. Mama akacheka, kicheko kifupi, kikavu, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi. "Utaniona, halafu? Nitakufa? Toka."

Akatoka, kwanza miguu, kisha abakosti ambayo haikuwa tena ya kijivu, kisha uso mweusi wa grisi, macho yamefumbwa. Mama alimwambia afumbue. Akafumbua. Walitazamana, na mama alikuwa analia huku bado kicheko hakijamtoka vizuri. Placide akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kumfungulia mlango.

Walifika Bunia kabla ya giza, bila rido, wote wawili wakitazama mbele kama watu walio kanisani. Habari zilikuwa zimewatangulia, maana Viviane alishuka wa kwanza. Wajomba walikuwa wameketi kwa shangazi, nyuso zimekunjwa, na hawakuuliza habari za nyumba wala za safari. Mkubwa wao alisema kwamba mwiko mzito umevunjwa njiani, mama mkwe na mkwe wamesemeshana na kutazamana, na kwamba kwa desturi mwenye kosa hutoa mbuzi. Placide alisimama haraka kukubali kosa. Immaculée, mlangoni, alishika kitambaa alichokuwa akishona kwa mikono yote miwili.

"Ukae chini," Mama Brigitte alimwambia, mbele ya wote. "Mimi njo nilitoa rido. Mbuzi ni yangu."

Hawakutarajia hilo, wakatazamana. Mjomba mkubwa akauliza, sasa kwa upole, mbuzi huyo ataletwa lini.

"Iko Aveba, dume, ya nguvu," alisema. "Musiiguse mbele ya siku ifike. Mutaikula ku ndoa ya hawa batoto."

Hivyo ndivyo wajomba walivyopata jibu lake.